Kushea muziki na nguvu za lebo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mjadala wa kushea muziki (kunakili nyimbo na kugawiana bila kulipa) ukianza watu wanauliza yale yale, na majibu wanayopata huwa mawili tu, "we mwizi" au "muziki ni wa wote". Hapa nimekusanya yale yanayorudiwa zaidi nikayajibu moja moja kadiri ninavyoamini. Naongelea zaidi haki na dhamira, sheria naigusa pale inapobidi, na sheria za nchi hazifanani kwa hiyo kama umeshaitwa mahakamani tafuta wakili. Msimamo wangu nautoa mapema usije ukausaka: ukisikiliza kazi ya mtu ukaipenda una deni, ila deni hilo ni la walioimba, waliopiga na walioandika, na wanaokudai kwa sauti kubwa mara nyingi sio wao.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kushea wimbo ni wizi, ndiyo au hapana?

Sio sawa na kuiba simu. Ukiniibia simu mimi nabaki sina, ukinakili wimbo wangu wimbo bado ninao, nilichopoteza ni hela ambayo pengine ungenilipa. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985, kwenye kesi ya rekodi za magendo za Elvis Presley, ilikataa kuhesabu ukiukaji wa hakimiliki kama mali ya wizi ya kawaida.

Ila usishangilie haraka. Hapo kwenye "pengine" kuna mtu na kazi yake. Wapo waliodaunlodi ambao wasingenunua hata iweje, hao hawakumpunguzia mwanamuziki kitu. Wapo ambao wangenunua kabisa, hela walikuwa nayo, wakaona ya nini. Hao wamemuumiza. Kwa hiyo anayesema kila kopi ni mauzo yaliyopotea anakudanganya, na anayesema hakuna aliyeumia naye anakudanganya.

2. Hakimiliki ya wimbo ni ya nani hasa?

Hapa ndo wengi wanapopotea, manake ndani ya wimbo mmoja kuna haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani melodi na mashairi, hiyo inaanza kwa mtunzi na mara nyingi anaigawana na kampuni ya kusimamia tungo. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio, ambayo watu wanaiita masta, na kwa mikataba mingi ya lebo kubwa, yaani kampuni zinazorekodi na kuuza muziki, hiyo ni ya lebo.

Kuna nchi ambazo haki hizi mbili zinalipwa tofauti kabisa. Marekani redio za kawaida za masafa zinamlipa mtunzi wimbo ukipigwa, aliyeimba halipwi hata senti. Na huko huko rekodi za sauti hazikuwa na ulinzi wa sheria ya shirikisho mpaka tarehe 15 Februari 1972. Shika hili vizuri, maswali mengi ya chini yanarudi hapa.

3. Lebo wakisema "unawaumiza wasanii", si wanawasemea wasanii?

Mara nyingine ndiyo. Kuna wasanii walipinga kushea kwa akili zao timamu, bendi ya Metallica waliishtaki Napster, programu ya watu kugawiana nyimbo mtandaoni, Aprili 2000 na walikuwa wanatetea kazi yao, sioni sababu ya kuwatukana kwa hilo.

Lakini angalia lebo zinafanya nini msanii anapokuwa upande wa pili wa meza. Sheria ya Marekani inamruhusu aliyesaini kuachia haki zake kuzirudisha baada ya miaka 35. Mwaka 1999 ndani ya muswada uliohusu televisheni za setilaiti kikachomekwa kipengele kinachohesabu rekodi za muziki kama kazi ya kuajiriwa, yaani mwenye kazi tangu siku ya kwanza ni kampuni na msanii hana cha kurudishiwa milele. Wasanii hawakuulizwa. Mtumishi wa bunge aliyekichomeka muda mfupi baadaye akapata kazi RIAA, chama cha lebo za Marekani. Wanamuziki walipogundua wakapiga kelele mpaka mwaka 2000 kikafutwa. Na hii ni miaka ile ile ambayo RIAA ilikuwa mahakamani na Napster ikisema inawatetea wasanii.

## Hela inaenda wapi

4. Nikinunua albamu mwanamuziki anapata kiasi gani?

Inategemea mkataba. Tuuchambue mmoja wa mtindo wa Marekani wa enzi za CD, namba nimeweka za mfano lakini vipengele ni vya kweli kabisa na vilikuwa vya kawaida.

Tuseme CD inauzwa kwa jumla dola 10 na msanii kaandikiwa mrabaha wa asilimia 12. Prodyuza anachukua 3 humo humo, zimebaki 9. Alafu kabla ya kupiga hesabu lebo inakata robo ya bei kwa ajili ya kava na kasha, kwa hiyo ile 10 imekuwa 7.50. Alafu inakata asilimia 10 ya idadi kwa ajili ya "zilizovunjika", kipengele kilichoanza enzi za santuri zilizokuwa zinavunjika kirahisi njiani, kikabaki kwenye mikataba ya CD, na kuna mikataba kiliingia mpaka kwenye mafaili ya kudaunlodi ambayo hayana cha kuvunjika. Baada ya hapo msanii anabaki na kama senti 61 kwa kopi.

Senti hizo hazipati bado. Studio ilikula dola 100,000 na video nusu yake inahesabiwa kwake, tuseme 50,000, hilo ni deni lake na linalipwa kwa senti zake 61 tu, ile sehemu kubwa ya lebo haihesabiwi kwenye kulipa. Mpaka deni liishe zinatakiwa kuuzwa kopi karibu 247,000. Lebo hapo imeshapokea karibu dola milioni 2.5, humo kuna gharama zao za kuchapa, za watunzi na za matangazo sikatai, lakini msanii ndo kwanza yuko kwenye sifuri. Na deni likishaisha masta zinabaki za lebo.

Ndo maana TLC, kundi lililokuwa na albamu iliyouza mamilioni ya kopi, waliomba kutangazwa wamefilisika mwaka 1995. Watu waliwacheka kwamba wametapanya hela, wakati sehemu kubwa ya hesabu ilikuwa ni hii hii.

5. Streaming (kusikiliza mtandaoni bila kununua wimbo) si imemaliza tatizo? Nalipia kila mwezi, nina amani.

Umefanya vizuri kulipa, nakuheshimu, ila jua inavyogawanywa. Apu kama Spotify inatoa karibu theluthi mbili ya mapato yake kwa wenye haki, yaani lebo, wasambazaji na watunzi, sio moja kwa moja mfukoni kwa mwimbaji. Mwimbaji anapata kile mkataba wake na lebo unachosema, na kama bado anadaiwa (swali la 4) anapata karatasi ya hesabu tu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui, hela yako haifuati masikio yako. Makusanyo yote yanatiwa kapu moja alafu yanagawanywa kwa idadi ya strimu zote. Wewe unaweza kusikiliza bendi moja ndogo mwezi mzima, usiguse kingine, na bado sehemu kubwa ya ulicholipa ikaenda kwa majina makubwa ambayo hujawahi hata kuyafungua. SoundCloud mwaka 2021 walianza mfumo wa hela ya msikilizaji kwenda kwa anaowasikiliza yeye, baadhi ya wasanii wadogo wakaufaidi, na sioni kwa nini usiwe ndo kawaida kila mahali. Spotify wao kuanzia 2024 wameweka kizingiti, ngoma isiyofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haihesabiwi mrabaha wa rekodi kabisa. Wanasema ni senti chache kwa kila mmoja, sawa, lakini ni za watu na zinahamia kwa waliokwisha kuwa na nyingi.

6. Sasa kama mikataba ni mibaya hivyo, kwa nini wanasaini?

Kwa sababu kwa miaka mingi mlango ulikuwa mmoja. Studio ilikuwa ghali, kiwanda cha kuchapa kilikuwa cha lebo, redio ilikuwa inasikiliza lebo, maduka yalikuwa yanachukua mzigo kwa lebo. Kijana wa miaka 19 anayewekewa hela mezani ambayo hajawahi kuiona, na wakili aliyetafutiwa na watu hao hao, atasaini. Mimi sitamlaumu.

Leo kurekodi kumekuwa rahisi na kusambaza pia, ila kusikika bado ni shida, na nguvu imejikusanya zaidi. Baada ya lebo ya EMI kukatwakatwa mwaka 2012 zimebaki kubwa tatu, Universal, Sony na Warner. Ukitaka kujua zina tabia gani zikikaa pamoja, mwaka 2000 tume ya biashara ya Marekani ilizibana kampuni tano kubwa za wakati huo kwa mpango wa kuzuia maduka kutangaza CD kwa bei ya chini, na ikakadiria wanunuzi walizidishiwa mpaka dola milioni 480. Yaani wakati ule ule wanaitwa wezi, wasikilizaji walikuwa wanalipa zaidi ya walichostahili kulipa.

7. Masta ni kitu gani mbona wanazigombania hivyo?

Ni ile rekodi ya asili, mwenye nayo ndo anaamua wimbo uuzwe wapi, utumike kwenye tangazo gani, utolewe au ufichwe. Mwanamuziki Prince miaka ya 90 alipanda jukwaani kaandika "mtumwa" kwa kiingereza shavuni kwa sababu ya ugomvi wake na Warner. Taylor Swift masta za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa mwaka 2019 bila yeye kuzipata, akarekodi upya nne kati ya hizo na kuanza kuzitoa mwaka 2021, na aliweza kwa kuwa utunzi ulikuwa wake (rudi swali la 2), mpaka 2025 akazinunua zile za asili. Mwenye mashabiki wachache na hela chache hawezi njia hiyo, anaishi na alichosaini.

## Vita vya kuzuia kunakili

8. Si kweli kwamba kushea kulikaribia kuua muziki?

Kuliumiza biashara ya rekodi, hilo halina ubishi. Marekani mauzo yalikuwa dola bilioni 14.6 mwaka 1999, mwaka ambao Napster ilizaliwa, na kufika 2014 yalikuwa chini ya nusu yake. Watu walipoteza kazi, studio zilifungwa, na wapiga vyombo wa studio ambao hawana jina kwenye kava ndo waliumia wa kwanza. Sitaki kulipita hili haraka manake watetezi wengi wa kushea hulipita.

Lakini kilio chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1906 mtunzi John Philip Sousa alilia kwamba mashine za kucheza muziki zitaua muziki. Miaka ya 80 mwanzoni chama cha lebo za Uingereza kilichapa fuvu lenye umbo la kaseti na maneno kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Bendi ya Dead Kennedys wakajibu kwa kutoa kaseti yenye upande mmoja mtupu ili mnunuzi arekodie. Muziki haukufa. Kinachokufa kila mara ni namna fulani ya kuuza.

Na kilichorudisha hela sio polisi. Mauzo ya dunia yalianza kupanda tena kuanzia 2015, watu walipopata njia rahisi ya kusikiliza kila kitu kwa bei moja. Lebo zilikataa kujenga kitu kama hicho mwaka 2000 wakati mamilioni ya watu walikuwa tayari wamejipanga kwenye Napster, zikachagua kuifunga, ikafungwa Julai 2001, na wale watu wakahamia Kazaa na kwingine ambako hakuna aliyeweza kukubaliana nao tena. Kwa maoni yangu hilo ndo kosa kubwa zaidi tasnia hii iliwahi kulifanya na wanamuziki ndo walililipia.

9. Ni kweli walishtaki mpaka watoto?

Kweli. Septemba 2003 RIAA ilifungua kesi 261 kwa mpigo dhidi ya watu wa kawaida, mmoja wao msichana wa miaka 12 wa New York, mama yake akamaliza kwa kulipa dola 2,000. Kesi ziliendelea mpaka mwishoni mwa 2008 walipotangaza kuacha, zilikuwa zimeshafika maelfu kwa maelfu.

Kuna ya mama mmoja wa Minnesota, nyimbo 24. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likamwambia alipe dola 222,000, kesi ikarudiwa 2009 ikawa dola milioni 1.92, ikazunguka huko mpaka 2012 rufaa ikairudisha 222,000. Gawanya kwa 24 uone, ni dola 9,250 kwa wimbo ambao dukani ulikuwa senti 99. Inawezekana kwa sababu sheria yao inaruhusu dola 750 mpaka 30,000 kwa kila kazi, na mpaka 150,000 ikionekana ulikusudia, bila mtu kuthibitisha hasara halisi ni kiasi gani. Sheria hiyo ilifikiria mchapishaji wa magendo mwenye kiwanda. Ikamwangukia mama na watoto wake.

10. Hizi kufuli za kidijitali zina ubaya gani, si wanalinda mali yao?

Wanalinda kwa kuingia kwako. Mwaka 2005 Sony BMG ilitoa CD ambazo ukiziweka kwenye kompyuta zinaingiza programu inayojificha ndani kabisa ya mfumo, faili lolote lililoanza na herufi fulani likawa halionekani, na wenye virusi wakaanza kujificha humo humo. Aliyenunua CD halali ndo kompyuta yake iliharibiwa, aliyedaunlodi MP3 ya magendo alibaki salama. Wakaja kuzirudisha sokoni kwa aibu.

Na siku hizi kufuli imekuwa ya kawaida mpaka hatuioni, wimbo "uliouhifadhi" kwenye apu unapotea ukiacha kulipa au mkataba wa lebo na apu ukiisha. Hujanunua, umekodi.

11. Mbona hakimiliki inadumu muda mrefu hivyo?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710 ilitoa miaka 14, ukiwa hai unaongezewa 14 tena. Leo mkataba wa kimataifa wa Berne unataka angalau maisha ya mtunzi na miaka 50, nchi nyingi zimefika 70. Rekodi huko Ulaya zilikuwa miaka 50 wakaongeza mpaka 70 mwaka 2011, na hoja iliyotumika ilikuwa wapiga vyombo wazee, wakati sehemu kubwa ya faida inaenda kwa wenye masta. Mtu aliyerekodi mwaka 1962 hakuhitaji kushawishiwa mwaka 2011 ili arekodi. Miaka 28 ingenitosha mimi kuiheshimu bila kinyongo.

## Maswali ya dhamira

12. Nikimtumia rafiki wimbo mmoja nimekosea?

Kisheria sehemu nyingi ndiyo. Kwa dhamira yangu hapana, hivyo ndivyo watu wanavyogundua muziki tangu zamani, mtu anakwambia sikiliza hii. Kumrushia mmoja unayemjua na kupandisha albamu nzima mahali watu elfu hamsini wanachukua ni mambo mawili, la pili umeshakuwa msambazaji bila kubeba jukumu la msambazaji. Na ukitia matangazo ukala hela, hapo sina neno zuri la kukwambia, umefanya kile kile unachoilaumu lebo.

13. Sina hela kabisa. Nisisikilize muziki?

Sikiliza. Muziki ni sehemu ya maisha ya watu na siamini umaskini unatakiwa kumkatia mtu masikio. Ila tafuta kwanza njia zilizowazi, redio, video ambazo msanii kaziweka mwenyewe, wanaotoa bure kwa hiari (swali la 17). Ukichukua kwa njia nyingine usijiongopee, weka akilini kwamba unadaiwa, na siku ukipata mlipe. Na usipopata, taja jina lake kwa watu. Hilo unaliweza leo.

14. Nilinunua CD, ikachubuka. Kudaunlodi MP3 zake ni kosa?

Sioni kosa lolote, ulishalipa. Sheria ndo inayumba. Uingereza walihalalisha kunakili CD yako kwa matumizi yako mwaka 2014, na Julai 2015 mahakama ikafuta ruhusa hiyo, kwa hiyo kuhamisha muziki wako kwenye simu yako kukarudi kuwa kosa ambalo hakuna anayelishtaki. Ujerumani tangu 1965 wamechagua njia ya busara zaidi, unaruhusiwa kunakili kwa matumizi binafsi na vifaa vya kurekodia vinatozwa kiasi kinachorudi kwa wenye haki.

15. Msanii ni bilionea, hela yangu ataiona wapi?

Yeye hataiona labda, lakini kwenye wimbo ule ule kuna mtunzi mwenza, kuna mpiga besi, kuna mtu wa kuchanganya sauti. Wengine wamelipwa mara moja wakaondoka, wengine wana asilimia ndogo inayowasaidia kila robo mwaka. Utajiri wa mmoja usiwe sababu ya kumpita mwingine. Nakubali tu kwamba nikiwa na hela ya albamu moja nitampa mdogo kwanza.

16. Nikienda kwenye shoo zake inatosha?

Mara nyingi inazidi. Kiingilio na fulana vinamfikia kwa haraka kuliko strimu, japo siku hizi lebo nyingi zinasainisha mikataba inayokula mpaka shoo na bidhaa, uliza kama unaweza. Kwa mtunzi ambaye haimbi jukwaani lakini haitoshi, yeye hana shoo. Kununua moja kwa moja kunamgusa zaidi, Bandcamp kwa mfano, mtandao ambako msanii anauza muziki wake mwenyewe, wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali, sehemu kubwa inayobaki inaenda kwa aliyeuweka.

17. Kuna wasanii wanaotaka washeewe?

Wapo wengi. Grateful Dead kuanzia 1984 walitenga eneo kabisa kwenye shoo zao kwa wenye vinasa sauti, sharti lao likiwa kanda zibadilishwe zisiuzwe, wakawa moja ya bendi zilizoingiza hela nyingi za ziara Marekani. Radiohead mwaka 2007 waliweka albamu mtandaoni wakasema lipa unachotaka, hata sifuri. Na zipo leseni za Creative Commons, ambazo msanii anaandika wazi nini kinaruhusiwa. Zisome lakini, kuna zinazokataza biashara na zinazokataza kubadilisha, na kutaja jina ni lazima karibu zote.

## Yale magumu

18. Albamu haiuzwi popote, haipo kwenye apu yoyote. Nikiishea?

Hapa mimi nasema shea, na hifadhi vizuri, andika majina ya wapigaji, mwaka, studio. Lebo imemiliki masta ikaziweka stoo, msanii haruhusiwi kuzitoa, msikilizaji haruhusiwi kununua, haki ya namna hiyo hailindi mtu yeyote.

Na stoo hazina usalama tunaoambiwa. Juni 2008 moto kwenye eneo la Universal huko Hollywood uliunguza ghala la kanda za masta, umma ukaja kuelezwa kwa kina mwaka 2019, mpaka leo wanabishana ziliungua ngapi. Mwaka huo huo wa 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ukakiri umepoteza muziki uliopandishwa kati ya 2003 na 2015, zaidi ya nyimbo milioni 50, na kuna waliopandisha ambao ile huenda ilikuwa kopi yao pekee. Baadhi ya vilivyonusurika vimenusurika kwa sababu kuna mtu mahali alinakili bila ruhusa.

Mwenye kazi akitokea akasema toa, toa. Nasema mwenye kazi, na msanii namsikiliza kabla ya kampuni.

19. Wimbo umevuja kabla haujatoka, kila mtu anao. Niachane nao?

Achana nao. Hili halina uhusiano na hela, mtu hajamaliza kusema na wewe unamkata kauli. Demo mbovu ikienea haiwezi kurudishwa.

20. Mtunzi mwenyewe aliporwa na lebo, na ameshafariki. Nikilipa si namlipa mporaji?

Kisa cha Solomon Linda kinafundisha hapa. Mwaka 1939 Johannesburg alirekodi "Mbube" na kundi lake, akaachia haki kwa shilingi 10. Melodi ile ikawa "Wimoweh", ikawa "The Lion Sleeps Tonight" mwaka 1961, ikazunguka dunia nzima, yeye akafa 1962 akiwa maskini. Kilichokuja kuwasaidia wanawe ni sheria, sheria ya kikoloni ya mwaka 1911 iliyosema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Wakashtaki mwaka 2004 kuhusu matumizi kwenye filamu ya Disney, na 2006 wakafikia maridhiano yaliyowapa malipo na jina la baba yao likatambuliwa.

Kwa hiyo kwanza tafuta kama kuna warithi na kama kuna kitu kinawafikia, ukikuta kipo lipa. Kama hakiwafikii kabisa sitakwambia ulipe kwa ajili ya kulipa, ila ukiushea wimbo ushee na jina lake na kisa chake, manake kuporwa kwa namna ile kulianza na jina kuondolewa.

21. Nimepandisha wimbo wangu mwenyewe na mtandao umenizuia, inakuwaje?

Inatokea sana. Mifumo kama Content ID ya YouTube inalinganisha sauti, haijui nani alitunga. Ukinunua biti ambayo na wengine wameinunua, aliyesajili kwanza anaonekana ndo mwenye nayo. Kuna mwanamuziki ninayemfahamu wimbo wake wa gitaa tupu ulidaiwa na msambazaji asiyemjua, mapato yakashikiliwa wiki kadhaa wakati mdai hakuwa ameonyesha hata karatasi moja. Tunza mafaili ya mradi yenye tarehe, tunza meseji za prodyuza, makubaliano ya biti yawe maandishi, na ukidaiwa kata rufaa mara moja usisubiri. Mfumo unamwamini anayedai, mzigo wa kuthibitisha uko kwako, na hilo nalo ni udhibiti wa lebo hata kama hakuna mtu wa lebo aliyegusa kitu.

22. Lebo zimeshtaki kampuni za AI (akili mnemba). Safari hii niko upande wao?

Juni 2024 lebo kubwa tatu ziliwashtaki Suno na Udio, kampuni za kutengeneza nyimbo kwa AI, kwa kufundisha mashine zao kwa rekodi bila ruhusa. Malalamiko yenyewe nayaunga mkono, kampuni inayochukua kazi za maelfu ya watu ili iuze mbadala wake haifanani hata kidogo na mtu anayemtumia rafiki wimbo (swali la 12).

Ila mwaka 2025 baadhi ya kesi hizo ziliisha kwa lebo kusaini mikataba ya leseni na kampuni zile zile. Swali langu likawa lile la swali la 4, hela ikija inapita wapi mpaka imfikie mpiga ngoma ambaye rekodi yake imefundishia mashine, na nani alimuuliza. Mikataba ya zamani haikuwaza kitu hiki, na lebo itasema "matumizi yote" inajumuisha na haya. Kwa hiyo kama unakaribia kusaini, dai kipengele cha AI kiandikwe peke yake, kiwe na asilimia yake na haki yako ya kukataa, na wakikwambia eti hiyo ni fomu ya kawaida haibadilishwi, usisaini siku hiyo.